Kuba ya Lhotín Isiyofungwa

Kengele ya saa sita mchana ilipolia Lhotín, waashi waliweka nyundo chini, wakajipangusa chokaa mikononi, wakateremka jukwaani mmoja mmoja kwenda kula. Wote walipokwisha kufika chini, nyundo moja ilibaki juu ikigonga jiwe.

Hakuna aliyeinua kichwa. Walikaa kwenye benchi refu uani, wameligeuzia kanisa mgongo, wakinywa supu ya kabichi na kupiga soga kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Katikati ya benchi waliacha nafasi ya mtu mmoja. Mgeni akitaka kuikalia, mtu humvuta shati bila neno na kumwonyesha pengine.

Apolena, mke wa fundi mkuu, alipita mbele yao na kikapu cha chakula cha mumewe. Nafasi ile ilikuwa ya mwanawe, na nyundo ile ilikuwa ya mwanawe. Prokop alianguka kutoka kwenye ukingo wa kuba akiwa na miaka ishirini na mitatu, na sasa ulikuwa unakwenda mwaka wa tisa tangu wamzike. Watu wa Lhotín hawakuacha kumwita mama yake kwa jina lake.

“Mama Prokop!” aliita mzee Kubat, seremala wa majukwaa. “Hicho kikapu ni cha mzee peke yake? Sisi tule kwa macho?”

“Wewe umebakiwa na meno mawili, utatafuna nini?”

“Mawili haya yana bidii kuliko watawa wote humu ndani.”

Benchi zima lilicheka. Kicheko kilipotulia, nyundo ilisikika tena, na kila mtu akarudi kwenye bakuli lake.

Kanisa lenyewe lilikuwa na umri wa miaka arobaini na lilikuwa bado halijazaliwa. Abate wa kwanza, mkuu wa monasteri aliyelianzisha, hakusukumwa na Roho Mtakatifu peke yake. Watawa wa bonde la pili walikuwa wamejenga kanisa la minara miwili, na yeye usingizi ukampaa. Akamleta mchoraji kutoka Vienna, naye akamchorea minara miwili, na kuba zaidi. Mchoraji yule alikuja mara mbili, akanywa divai ya monasteri, akafa kwao. Upande wa mashariki, wanakoimba watawa, uliisha vizuri: dhahabu, nguzo za rangi ya waridi, malaika wa lipu wenye mashavu kama watoto wa mwokaji mikate. Kisha ikaja vita, farasi wa Waprusi wakalala katikati ya kanisa, na kazi ikafa kwa miaka kumi na mbili. Ukuta wa mbele uliachwa nusu, umepinda ndani na nje kama shuka lililoanikwa penye upepo, nguzo zake zimekatika katikati. Ubavuni yalichomoza meno ya mawe yaliyokuwa yakingoja kuungana na mnara ambao haukuja, na kunguru wakajipatia nyumba humo. Katikati ya yote, juu ya matao manne makubwa, kuba ilipanda, ikapanda, ikasimama. Ukiinua macho uliona tobo, na ndani ya tobo mbingu.

Waashi wa huko wana desturi yao. Jengo likiisha, hupandisha juu kabisa shada la matawi ya msonobari lenye riboni, na mkongwe wa kikosi hutaja majina ya waliokufa kazini. Baada ya kila jina kikosi kizima huitika, “Weka nyundo chini, kazi imekwisha.” Kabla ya siku hiyo marehemu huhesabiwa bado yumo kazini. Zana zake hazirithiwi, nafasi yake haikaliwi. Lhotín ilikuwa imekula watu saba. Wengine sita walikaa kimya kungoja shada, kila mtu na tabia yake. Prokop hata alipokuwa hai hakujua kukaa bure.

Nalo ndilo lililomla Apolena. Kwamba mwanawe alikufa, hilo alilia likafika mwisho wake kama kilio kinavyofika. Kwamba alikuwa bado anafanya kazi, hilo halikuwa na mwisho. Siku za kazi nyundo yake ilimezwa na nyingine, ikasikika mchana tu wenzake wanapokula. Lakini Jumapili ilisikika tangu asubuhi. Misa ikifika mahali pa kunyamaza, watu wakapiga magoti na kuinamisha vichwa, huko juu gonga, gonga, gonga. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

“Mtoto wangu hajapata hata Jumapili moja,” alimwambia Abate Otmar, abate wa tatu tangu kazi ianze.

“Tunamwombea, mama. Tunamsomea misa.”

“Misa yenyewe anaigongea, baba. Husikii?”

“Nasikia,” alisema Abate. “Kwa nini unadhani naimba kwa nguvu vile?”

Dawa ilikuwa moja, kuba ifungwe. Na kuba haikufungwa kwa sababu ya baridi. Kila mwanzo wa Novemba kazi husimama, maana chokaa na barafu hazipatani. Waashi hufunika vichwa vya kuta kwa majani makavu na samadi, juu yake mbao, juu ya mbao mawe ya kugandamiza, halafu kila mtu huenda kwao. Wakirudi baada ya Pasaka hukuta safu za juu zimelowa, zimeganda, zimepasuka, chokaa imekuwa unga. Huzibomoa na kuzijenga upya, na kabla hawajaipita alama ya mwaka uliotangulia, Novemba imefika tena. Watu waliulaumu upepo wa Lhotín, kisha wakamlaumu mchoma chokaa. Wachoma chokaa watatu walifukuzwa kazi. Kila mwaka Apolena alimwuliza mumewe kuba itafungwa lini, na kila mwaka Matouš alimjibu bila kumtazama usoni, “Mwakani, mke wangu. Mungu akipenda.”

Novemba ya mwaka huo wa tisa, juma moja baada ya kikosi kutawanyika, Matouš hakurudi nyumbani kula chakula cha mchana. Apolena alingoja mpaka matonge ya unga yakapoa kwenye sahani, akajitanda shali, akapanda kilimani. Uwanja ulikuwa mtupu. Nyundo ilikuwa inagonga.

Mwanamke kupanda jukwaa ni mkosi, husema waashi. Apolena aliona kwamba mkosi mkubwa kuliko aliokwisha kuupata haupo, akaingia kwenye ngazi ya mzunguko iliyomo ndani ya ukuta. Alipanda akishika mawe kwa mikono miwili. Kadiri alivyopanda, mlio ulikaribia, mpaka akausikia kwenye meno.

Alipotokea juu ya mbao alimwona mumewe. Matouš alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kuba, miguu inaning'inia ndani. Mbao za kufunikia alikuwa amezisogeza kando na mawe yake ameyapanga pembeni kwa unadhifu. Majani makavu alikuwa anayang'oa kwa mkono, konzi baada ya konzi, na kuyatupa kwenye upepo. Chini ya majani ukuta ulikuwa wazi, na theluji nyepesi ilikuwa inaudondokea. Kando yake, juu ya leso, palikuwa na mkate uliokatwa vipande viwili. Kimoja kilikuwa kimeumwa.

Alikuwa anazungumza.

“Kubat kang'oka jino jingine, amebaki na moja. Ng'ombe wa mama yako kazaa, dume. Mama yako hajambo, mgongo tu. Mwakani tutaanzia upande huu wa kaskazini, unasemaje? Huku baridi inashika vizuri.”

Ng'ambo ya tobo, mahali pasipo na mtu, vumbi la chokaa liliruka kutoka kwenye jiwe. Likaruka tena. Hapakuwa na mkono wala nyundo. Palikuwa na jiwe, na mlio, na vumbi lililoruka kila mlio ulipotoka.

Apolena alishika nguzo ya jukwaa.

“Matouš,” alisema.

Mumewe aligeuka, na uso wake ulikuwa wa mwizi aliyekutwa ghalani.

“Umepandaje huku?”

“Kwa miguu. Hiyo mikono yako inafanya nini?”

Matouš alitazama majani aliyoyashika kana kwamba kuna mtu amempa.

“Miaka tisa,” alisema Apolena. “Miaka tisa nawasha mishumaa. Namlaani mchoma chokaa wa watu, mtu ana watoto, mpaka anafukuzwa kazi. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!”

“Siku kuba ikifungwa watamtaja jina.”

“Si ndicho ninachotaka!”

“Akishatajwa, basi. Ataweka nyundo chini, ataondoka. Huko kaburini kwenda nimekwenda, Apolena. Hakuna kitu kule. Yuko hapa. Hapa namsikia. Nikiifunga nitamsikia wapi?”

“Mwanao anachoka.”

“Wafu hawachoki.”

“Nani kakwambia? Ulimwuliza?”

Miaka tisa Matouš alikuwa amempa Prokop habari za ng'ombe na za meno ya Kubat, na hilo hakuwahi kumwuliza. Nyundo iligonga, ikagonga.

“Na mimi nitabaki na nani?” alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

“Na mimi! Au mimi si mtu?”

Hapo Matouš alilia, mzee wa miaka sitini mwenye mabega ya kubebea mawe, akilia na majani mkononi. Apolena alimchukia siku hiyo kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote, na alimhurumia kwa kiasi hicho hicho, na vitu hivyo viwili havikupunguzana. Hakumkumbatia. Alipiga magoti, akaanza kuyarudisha majani juu ya ukuta. Baadaye kidogo Matouš naye akaja kumsaidia. Walifunika pande zote, wakarudisha mbao, wakaweka mawe.

“Mwakani,” alisema Matouš.

“Mwakani tunaifunga,” alisema Apolena. “Usipoifunga nitawaambia wote, kuanzia kwa wachoma chokaa.”

Majira yale ya baridi Apolena alikwenda kukagua mbao kila Jumamosi. Baada ya Pasaka waashi walifunua kuta wakakuta safu zote ni kavu na nzima, chokaa ngumu kama mfupa. Walitazamana.

“Baridi ya mwaka huu imetuogopa,” alisema Kubat. “Au imehamia kwa watawa wa bonde la pili. Wamezoea kupewa kila kitu.”

Kazi ilikwenda. Safu ilipanda juu ya safu, kila moja ikiingia ndani kuliko ya chini yake, na tobo likazidi kupungua. Matouš alijenga bila kuzungumza na mtu. Mchana hakubaki juu tena. Alishuka akala na mkewe, wameligeuzia kanisa mgongo, na nyundo ilipogonga nyuma yao aliweka kijiko chini, supu ikapoa. Apolena aliona, akajifanya hakuona. Mwishoni mwa Septemba alianza kukusanya riboni: nyekundu za harusi yake, nyeupe za jirani. Usiku alilala vizuri, kwa mara ya kwanza tangu siku aliyoanguka Prokop.

Juma la pili la Oktoba alifika ofisa wa Kaisari na makarani wawili na sanduku la karatasi. Alikuwa mtu mpole mwenye mafua. Alimsomea Abate amri mbele ya watawa wote: Monasteri ambazo watawa wake huimba na kusali tu, hawafundishi shule wala hawauguzi wagonjwa, zinafungwa. Watawa watawanyike. Upande wa mashariki wa kanisa utakuwa parokia ya kijiji. Sehemu iliyobaki itatengwa kwa ukuta, iwe ghala la shayiri ya farasi wa jeshi.

“Na kuba je?” aliuliza Matouš, kofia mkononi.

“Tieni mbao juu, mvua isiingie.”

“Imebaki kidogo, bwana mkubwa. Wiki tatu tu.”

Ofisa alipenga kamasi, akamtazama kwa huruma ya kweli. “Fundi, kama ungekuwa umeimaliza, mimi nisingeweza kuirudisha nyuma. Amri inasema kila kazi isimame ilipofikia.”

Apolena alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama mumewe, naye mumewe akatazama sakafu. Katika miaka tisa aliyong'oa majani, wiki hizo tatu zilikuwamo.

Jioni hiyo hiyo Apolena alimwendea Kubat, aliyekuwa mkongwe wa kikosi sasa, na furushi la riboni kifuani.

“Pandisha shada,” alimwambia. “Kesho, kabla hamjatawanyika. Mtaje.”

“Juu ya tobo?”

“Juu ya chochote.”

Kubat aliacha kufunga zana zake. Safari hii hakutania.

“Mama Prokop, mimi nina miaka sabini na moja. Nimemdanganya mke wangu, nimemdanganya padre, mtoza ushuru nimemdanganya hata usingizini. Mwashi aliyekufa simdanganyi. Nitamwambia kazi imekwisha, atatazama juu, ataona tobo. Mwanao alikuwa fundi. Unadhani hatalijua tobo? Atasema Kubat mwongo, atashika nyundo yake, na siku nyingine hatamsadiki mtu tena.”

“Kwa hiyo abaki humo? Na shayiri ya farasi?”

Mzee alifumba macho. “Sijui, mama. Desturi inasema jengo likiisha. Haisemi lisipoisha.”

Kikosi kilitawanyika. Ukuta wa kutenga alijenga Matouš mwenyewe na vibarua wawili: ukuta wa matofali, mnyoofu, usio na pambo lolote, kutoka sakafuni hadi juu kabisa ya tao. Upande mmoja wakabaki malaika wenye mashavu, upande wa pili giza na mbingu. Siku tisa alijenga, na siku zote tisa nyundo ya juu iligonga kwa haraka, kama ya mtu aliyesikia kwamba muda umekwisha na anataka kuwahi.

Siku ya mwisho, kengele ya saa sita ilipolia, Apolena alikuja uwanjani bila kikapu, akaingia kwenye ngazi ya mzunguko. Matouš aliacha mwiko kwenye chokaa akamfuata. Kesho yake maseremala walikuwa waje kulifunika tobo.

Apolena alikuwa amejipanga njia nzima. Kama Kubat hataki kudanganya, yeye atadanganya. Mama humdanganya mtoto akimpa dawa chungu, humdanganya akimwambia mbwa haumi. Atasimama ukingoni, atamtaja jina, atasema kazi imekwisha, na dhambi iwe yake.

Alifika juu. Tobo lilikuwa dogo sasa, upana wa meza ya watu sita, na mbingu ndani yake ilikuwa ya kijivu. Ng'ambo yake vumbi liliruka, likaruka. Karibu na vumbi palikuwa na safu iliyokatikia njiani, matofali mawili yamekaa na la tatu halipo, yakimsubiri mtu wa kuendelea. Apolena alifungua mdomo. Uongo haukutoka.

“Prokop,” alisema. “Mwanangu. Kazi haijaisha.”

Nyundo iligonga.

“Haijaisha, na haitaisha. Wametukatiza. Si kosa lako. Wewe umefanya sehemu yako, umefanya na ya watu wengine.” Alimtazama mumewe, kisha akaligeukia tena lile jiwe. “Baba yako alikupenda vibaya. Mimi nami nilikungojea shada. Sasa shada halipo. Weka nyundo chini hivyo hivyo, kazi iache ilipo. Umechoka, mwanangu. Nenda ukapumzike.”

Nyundo iligonga mara moja. Walingoja ya pili.

Upepo ulipita kwenye tobo. Kunguru walizozana kwenye meno ya mawe, na kutoka chini kabisa zikaja sauti za makarani wakihesabu viti vya watawa. Hapo juu palikuwa kimya. Miaka tisa hawakuwahi kupasikia pakiwa kimya, na hawakujua watazame wapi.

“Ni hayo tu?” Matouš alinong'ona. “Kumwambia? Ni hayo tu yaliyohitajika, siku zote hizo?”

Apolena mwenyewe aliishi chini ya mlio ule miaka tisa, akamlilia Abate, akamlilia Kubat, akawalilia watakatifu wote ukutani, na mtoto mwenyewe hakumwambia neno. Vumbi la mwisho lilikuwa bado linashuka ndani ya kuba polepole.

Ndipo Matouš alipojikokota hadi ukingoni, akashika tofali kwa mikono yote miwili.

“Prokop!” aliita.

Sauti ilizunguka ndani ya kuba, ikatokea kwenye tobo, ikaenda zake. Aliita tena. Chini makarani waliacha kuhesabu wakatazama juu. Apolena alikaa kando ya mumewe, akaushika mkono wake wenye chokaa, akamwacha aite, kwa sababu sasa hapakuwa na mtu wa kumsikia.